Kupeleka watoto Isimila: asubuhi korongoni, alasiri kwenye bembea za mjini

Kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na minne, Isimila ndiyo sehemu bora ya kutembea karibu na Iringa mjini, na hakuna bustani yenye bembea inayoisogelea. Kuna mchanga, makorongo, nguzo za udongo zinazozidi urefu wa nyumba, na zana za mawe zilizotumiwa na watu wa kale kabisa. Ila haikutengenezwa kuwa uwanja wa michezo, na anayeifuata kama uwanja wa michezo, watoto wamevaa kandambili na saa sita mchana, atarudi na watoto wanaolia. Karibu kila lalamiko kuhusu Isimila linatokana na saa ya kufika, viatu au maji. Kwa hiyo tuanze na hayo.

Kutoka mjini unateremka hadi Ipogolo, unashika barabara kuu ya Mbeya. Baada ya kilomita kama ishirini kibao kiko kushoto, halafu unaingia barabara ya vumbi isiyofika kilomita mbili. Kwa gari binafsi hesabu dakika arobaini, kwa sababu kwenye vijiji vyote lazima ushuke hadi kilomita 50 kwa saa. Kwa usafiri wa umma panda gari la Tanangozi, Ifunda au Mafinga, na umwambie konda tangu unapopanda kwamba unashukia Isimila. Ukingoja hadi ukione kibao, mtapitilizwa. Wakati wa kwenda mnashushwa upande uleule wa kibao, hakuna barabara ya kuvuka. Wakati wa kurudi hali ni nyingine: lazima mvuke ili msimamishe gari la kurudi mjini, na hiyo ndiyo barabara ya malori yanayokwenda na kutoka Tunduma. Lori lenye mzigo halisimami ghafla. Mtu mzima mmoja asimame mbele, mwingine nyuma, watoto washikane mikono katikati, na mvuke mahali mnapoona mbali pande zote mbili.

Ile barabara ya vumbi ndiyo inayowashinda wengi. Asubuhi watoto wanaikimbia wakicheka. Mchana, baada ya kupanda kutoka korongoni, ni safari ya nusu saa juani na mtoto wa miaka mitano atataka kubebwa njia nzima. Kama hamna gari, panga mapema bodaboda au bajaji ya kuwarudisha hadi barabara kuu, au familia mbili tatu zichange mkodi Noah ya kwenda na kurudi. Dereva angoje palepale, na bei mkubaliane pamoja na muda wa kungoja kabla hamjaondoka mjini.

Saa nzuri ya kufika ni saa mbili na nusu asubuhi, na iwapo saa tano imefika mkiwa bado chini kwenye nguzo, mmechelewa. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000, wakati upepo wa Iringa ni wa baridi na unaficha joto. Mtoto hajisikii kutokwa jasho, hasemi ana kiu, kisha ghafla kichwa kinauma na hataki tena kutembea. Korongoni kuta za udongo zinarudisha mwanga, kwa hiyo hata aliye kivulini anapigwa. Kofia yenye ukingo mpana ni ya lazima kuliko mwavuli, maana mwavuli unakamata upepo na unaziba mkono ambao mtoto anauhitaji kwenye mteremko. Maji: lita moja kwa kila mtoto, lita moja na nusu kwa mtu mzima. Nusu ya hayo yanyweni kabla ya kushuka. Usihesabu kununua chochote pale. Beba kama vile unakwenda shambani.

Viatu ni raba zenye soli yenye meno. Kandambili zinateleza kwenye changarawe iliyolala juu ya udongo mgumu, na yeboyebo zinajaa mchanga kila hatua kumi. Soksi ndefu zinasaidia dhidi ya miiba na nyasi kavu.

Getini kuna ada, na Mtanzania mtu mzima, mtoto na mgeni wa nje hawalipi sawa. Ukienda na mgeni, mwambie mapema asije akadhani amebambikiwa. Beba kitambulisho, daini risiti. Mwongozaji mchukue hata kama umewahi kufika: njia ya kwenda kwenye nguzo si moja, mvua huibadilisha, na yeye anajua ukingo upi umeanza kumeguka. Bakhshishi ni hiari, lakini mwenye kazi nzuri anastahili.

Anzeni na jumba la makumbusho. Ni dogo na dakika ishirini zinatosha, lakini mkiliruka, kule chini watoto wataona mawe tu. Cha kuwaonyesha ni vitu viwili. Kwanza ni shoka la mkono, yaani jiwe lililochongwa, lisilo na mpini. Waambie watazame kama limechongwa upande mmoja au pande zote mbili, ncha iko wapi, na pa kushikia ni wapi. Kisha walilinganishe na aina ya pili, yenye makali yaliyonyooka mwishoni badala ya ncha. Mtoto akishatofautisha hizo mbili, atazitambua mwenyewe ardhini bila kuambiwa. Cha pili ni kiboko wa kale. Mifupa yake ilipatikana hapa, na macho yake yalikuwa yamechomoza juu ya fuvu, kiasi kwamba aliweza kujizamisha karibu mwili wote akaendelea kutazama. Watoto wanaielewa papo hapo, kwa sababu inawaeleza kwamba penye vumbi leo palikuwa na maji.

Historia yenyewe waelezwe kwa ufupi. Zana zilionekana mwaka 1951, zikiwa zimefunuliwa na mmomonyoko. Uchimbaji mkubwa ulifanyika 1957 na 1958 chini ya Francis Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilikadiria umri wa takriban miaka 260,000. Namba hiyo haina maana kwa mtoto wa darasa la tatu, ila ukimwambia ahesabu mama yake, bibi yake, mama wa bibi, kila kizazi miaka 25, atapita watu 10,000 kabla hajamfikia aliyechonga lile shoka. Acheni aanze kuhesabu kwa sauti njiani, ni burudani tosha.

Kisha makorongo. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye zana za mawe, na hapa kosa la kawaida ni mtoto kuokota jiwe na kulitia mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, lakini watoto wanatii zaidi wakielezwa sababu: jiwe likiondoka mahali lilipokuwa, hakuna tena atakayejua lilikuwa kwenye tabaka gani na pamoja na nini. Limebaki jiwe. Wape kazi badala ya katazo. Daftari na penseli kwa kila mmoja, achore zana tatu na kuandika urefu wake kwa kupima kwa kidole. Kalamu ya wino achana nayo, vumbi linaiziba.

Nguzo ziko mbele zaidi, na kwenda na kurudi ni mwendo wa saa moja kwa watu wazima. Ukiwa na watoto weka saa moja na nusu. Mteremko wa kuingia ni mkali. Mtu mzima atangulie kushuka, watoto wafuate wakiwa wamegeuka ubavu, miguu ikikanyaga kwa upana wake wote, si kwa vidole. Anayekimbia kushuka hawezi kujizuia chini. Kigari cha mtoto kibaki mjini.

Mkifika chini, simameni kwanza. Kila nguzo ilisimama kwa sababu ile ile: tabaka gumu juu, kama kofia, limeukinga udongo laini ulio chini yake, wakati udongo wa pembeni ambao haukuwa na kofia umechukuliwa na maji na upepo. Waambie watoto watafute kofia ya kila nguzo. Watakuta nyingine zimeshapoteza kofia, na hizo ndizo zilizochongoka na kupungua kila msimu wa mvua. Wahesabu mistari ya matabaka kuanzia chini: uliolala chini zaidi ndio wa zamani zaidi. Mchezo huo unashika watoto kwa nusu saa nzima na hauhitaji kifaa chochote.

Hapa pia ndipo penye hatari halisi ya Isimila. Nguzo si mwamba. Ni udongo uliogandamana, na mtu akiuparua kwa kucha unatoka. Kwa hiyo hakuna kuegemea, hakuna kupanda, hakuna kuchimba chini yake, hakuna kuchora majina. Waliochora majina wameacha mifereji ambayo maji ya mvua huifuata na kuipanua, na hilo linaudhi kwa kweli, kwa sababu kilichochukua maelfu ya miaka kinaliwa na msumari. Picha za familia zipigwe mita tatu mbali na shina la nguzo, na kamwe si chini ya ukingo unaoning'inia. Mikono isiingie kwenye nyufa na mashimo: kifutu hupenda kujilaza kwenye joto la nyufa, na nyuki huweka masega kwenye kuta za namna hii. Mkisikia mvumo wa nyuki, rudini kimya kimya, bila kupunga mikono wala kurusha jiwe. Mtoto mwenye mzio wa kuumwa na wadudu asishuke bila dawa yake.

Miezi. Kuanzia Juni hadi Agosti ardhi ni kavu na hewa safi, ila asubuhi ni baridi ya kuhitaji sweta hadi saa nne. Septemba na Oktoba jua linachoma na upepo unainua vumbi. Mtoto mwenye pumu atapata shida korongoni. Mvua zikianza, kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au Desemba, hadi Aprili, mandhari inakuwa ya kijani na inapendeza kuliko wakati wowote, lakini udongo unateleza na kuta zinameguka. Korongo ni njia ya maji. Mvua ikinyesha mbali, maji yanaweza kuwafikia mlipo juani. Katika miezi hiyo nenda tu kama usiku haikunyesha, na mawingu mazito yakijikusanya, pandeni juu hata kama mwongozaji ndiyo kwanza anaanza maelezo.

Wenye watoto chini ya miaka mitano wasishuke kwenye nguzo. Makumbusho na sehemu ya juu vinawatosha, na mtu mzima mmoja abaki nao. Shule zinazoleta basi zima zigawe watoto kwa makundi ya wanane hadi kumi, kila kundi na mwalimu wake, wahesabiwe juu kabla ya kushuka, chini kwenye nguzo, na tena juu. Makundi mawili yasishuke pamoja. Mkifika mkakuta basi la shule limetangulia, fanyeni makumbusho polepole na muwape nafasi ya saa nzima. Kwenye njia nyembamba watoto arobaini wanaopanda na kumi wanaoshuka ni fujo.

Chakula kizuri cha safari hii ni kile kisichodai mikono safi sana na kisichochacha: chapati zilizokunjwa na mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, karanga. Wali kwenye hotipoti unakwenda vizuri kama mna gari. Maziwa na juisi za kutengeneza nyumbani hazifiki salama. Beba galoni ndogo ya maji ya kunawa na kipande cha sabuni, na mfuko wa kurudisha takataka mjini.

Kufikia saa saba mmesharudi Iringa, watoto wamechoka nusu. Hapo ndipo bustani za mjini zenye bembea zinapofaa, ile bustani yenye nyasi, meza, chipsi na kona ya watoto. Iringa na Mbeya zote zina bustani za aina hii, na ubora wake unapishana kiasi kwamba hatutaji mmoja mmoja. Badala yake, haya ndiyo ya kukagua kabla hujaagiza soda, na yanachukua dakika tano.

Tazama kwanza ardhi. Nyasi zilizokufa na udongo uliokanyagwa ni mgumu karibu sawa na saruji. Chini ya kifaa kirefu inatakiwa mchanga laini wenye kina cha sentimita 30, na uenee mita 1.8 kila upande. Kwenye bembea uenee zaidi, mbele na nyuma, mara mbili ya urefu wa nguzo inakofungwa. Bustani nyingi hazifikii hapo. Kama chini ni saruji au vigae, mtoto asipande kilichozidi urefu wake.

Kisha shika. Vuta mnyororo wa bembea kwa nguvu na utazame kulabu inayoushika juu: ikiwa imeanza kufunguka, siku moja mnyororo utatoka mtoto akiwa hewani. Pitisha kiganja kwenye nguzo kutafuta bolti zilizochomoza. Weka mgongo wa mkono kwenye mtelezo wa bati kwa sekunde tano. Usipovumilia, mapaja ya mtoto hayatavumilia. Mtelezo unaotazama magharibi ni wa asubuhi tu. Angalia pia nafasi kati ya vyuma vya ngazi na kingo. Nafasi kati ya sentimita 9 na 23 ni mbaya, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unapita na kichwa kinakwama.

Jambo moja linahusu miji yetu ya baridi kuliko Dar es Salaam: masweta yenye kofia. Kamba ya kofia ikinasa kwenye bolti au kwenye upenyo wa juu ya mtelezo, mtoto anateleza na kamba inabaki, shingo ikiwa ndani yake. Ndiyo ajali mbaya kuliko zote za mtelezo. Vua sweta, au chomoa kamba kabisa kabla ya kutoka nyumbani. Skafu vilevile.

Trampolini iwe na wavu, na arukie mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Wakiwa wawili, mwepesi ndiye anayerushwa na kuvunjika. Walio chini ya miaka sita wasipande. Jumba la puto la kurukia lazima lifungwe kwa vigingi kwenye pete zake zote, si zile mbili za mbele tu, na liwe na msimamizi anayehesabu watoto. Upepo wa alasiri wa Iringa ni jambo la kuangalia kwa makini: ukifikia kilomita 38 kwa saa, puto linatakiwa litolewe hewa. Kipimo chake bila chombo ni miti midogo yenye majani; ikianza kuyumba yote, watoe watoto, hata kama umelipia nusu saa na zimepita dakika kumi.

Wenye nguvu zilizobaki wanaweza kumalizia Gangilonga, lile jiwe kubwa linaloutazama mji. Kupanda ni kufupi na mnaona Iringa nzima. Halina uzio, kwa hiyo watoto wakae chini mara wanapofika juu na kila mdogo awe na mkono wa mtu mzima. Pandeni saa kumi, muwe mmeshuka saa kumi na moja na nusu mkiwa kundi, si watu wawili watatu. Kama kumenyunya, hata kidogo, liacheni. Jiwe likilowa, raba nzuri kuliko zote hazishiki, na watoto itabidi wateremke kwa makalio sehemu yote ya juu.